Wakifika Kumi ni Barua

Nilipoambiwa niandae majina tisa niliuliza kwa nini tisa na si kumi, maana kwetu sisi watu wa mahesabu kumi ndiyo namba inayokuja yenyewe. Meneja wa utumishi hakuinua uso. "Wakifika kumi ni barua," alisema, akaendelea kukoroga chai yake.

Ilinichukua siku mbili kuelewa. Jioni ya siku ya pili nilishusha Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, nakala iliyokuwa ikikaa juu ya kabati la mafaili pamoja na kalenda za zamani, nikaisoma kwa mara ya kwanza kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. Humo imeandikwa kwamba mwajiri akikusudia kuwaachisha kazi watu wasiopungua kumi katika kipindi kisichozidi miezi mitatu, kwa sababu za kiuchumi, za kiteknolojia au za kubadilisha muundo, lazima amwandikie Kamishna wa Kazi na kumweleza sababu, idadi ya watu na aina ya kazi zao. Na kama kuna chama cha wafanyakazi, viongozi wake wapewe habari hizo wiki nne au zaidi kabla mtu wa kwanza hajaondoka. Kumi, miezi mitatu, wiki nne. Wakiwa tisa hakuna Kamishna, wiki nne hazipo, kuna bahasha tu.

Basi tukatoa tisa. Ikapita miezi mitatu na siku kadhaa, tukatoa tisa wengine. Halafu tisa. Halafu tisa. Nasema "tukatoa" kwa sababu orodha zilichapwa kwenye kompyuta yangu, na hesabu ya kila bahasha niliipiga mimi.

Nilikuwa karani wa mishahara katika kiwanda kimoja cha hapa Jinja, Uganda. Sitataja jina lake wala tulichokuwa tukitengeneza. Mji wenyewe si mkubwa kiasi hicho, na nikitaja bidhaa nimetaja geti. Kiswahili changu ni cha kazini. Nilizaliwa Walukuba, kwenye nyumba za wafanyakazi, ambako jirani wa kushoto alikuwa Msamia, wa kulia Mlugbara, wa nyuma Mjaluo, na ugomvi wa foleni ya bombani ulisuluhishwa kwa Kiswahili kwa sababu hapakuwa na lugha nyingine ya kuusuluhishia. Lusoga nilifundishwa na bibi, Kiingereza shuleni. Lakini mishahara, zamu na matusi yote ya kiwandani nimeyajua kwa Kiswahili, na ndiyo maana naandika hivi.

Ninaishi Mpumudde. Jina hili wazee hulihusisha na Omukama Kabalega wa Bunyoro. Waingereza walimkamata mwaka 1899 wakampeleka Shelisheli. Mwaka 1923 wakamruhusu arudi kwao, lakini hakufika. Alifia hapa, Aprili 6, angali njiani. Mpumudde, yaani nimepumzika, na anayejua Kiswahili ataisikia "pumua" ndani ya neno lenyewe bila kufasiriwa. Nalitaja hili kwa sababu baada ya bahasha za kwanza vijana wa kiwandani walilichukua jina la mtaa wangu wakalitumia kwa namna yao. "Fulani kapelekwa Mpumudde," walisema, hata kama huyo fulani alikuwa akiishi Bugembe au Masese. Sisi wa ofisini tulisema watu "wamepumzishwa". Ni neno la adabu. Ukilitazama vizuri, halina mtu ndani yake wa kuulizwa.

Hasira ya watu haiwezi kueleweka bila kurudi nyuma mwaka mmoja kabla ya bahasha hizo. Machi 30, 2020, Rais Museveni alipoifunga nchi kwa ajili ya korona, viwanda viliruhusiwa kuendelea kwa sharti kwamba wafanyakazi wanaohitajika walale hukohuko. Tuliambiwa ni siku kumi na nne. Kila mtu akaja na godoro, chandarua na beseni. Wanawake walipewa ghala la vifungashio, wanaume ukumbi wa kulia chakula. Siku kumi na nne zikaongezwa, zikaongezwa tena. Tulikula posho na maharage mchana, usiku tukala maharage na posho. Fundi wa boila alijifunza kunyoa nywele, na hakuwa kinyozi mbaya. Mama mmoja wa upakiaji alifiwa na dada yake huko Kamuli asiweze kwenda kuzika. Alimlilia kwa simu, spika ikiwa wazi, na zamu nzima ya usiku ikakaa chini sakafuni pamoja naye mpaka kaburi likafukiwa.

Mkurugenzi hakulala pale, na sikumsikia mtu yeyote akimlaumu kwa hilo. Mtu mkubwa ana nyumba yake. Lakini alikuja siku moja, akasimama upande wa pili wa geti, akatuambia kwa kipaza sauti kwamba sisi si wafanyakazi tena bali ni familia, na kwamba kampuni haitausahau moyo wetu. Watu walipiga makofi, mimi pia. Wiki iliyofuata niliona jambo ambalo mtu asiyekaa mezani kwangu asingeliona: fomu za ovataimu zilipungua. Mtu aliyekuwa akidai saa tatu alidai moja. Wa saa moja hakuleta fomu kabisa. Hakuna aliyewaambia wasidai. Ila nani anadai ovataimu nyumbani kwao?

Bahasha za kwanza zilitoka Jumatatu, Machi 1, 2021.

Nimelifikiria sana suala la nani alijua kwanza, na nadhani humo ndimo uovu wenyewe ulimolala, zaidi hata ya kwenye fedha. Wa kwanza kujua alikuwa askari wa getini, kwa kuwa yeye ndiye angewazuia wale tisa. Alipewa karatasi yenye majina yao Ijumaa asubuhi. Wa pili ilikuwa benki. Wafanyakazi wetu wengi walikuwa na mikopo inayokatwa kwenye mshahara, na kampuni iliwajibika kuiarifu benki kabla mshahara haujakoma. Barua ile niliipeleka mwenyewe, mchana wa Ijumaa hiyohiyo. Wa tatu alikuwa mimi, au tuseme nilikuwa wa kwanza kabisa lakini sijihesabu. Jumapili usiku nilifuta alama zao za vidole kwenye mashine ya mahudhurio.

Sasa, benki ina makarani, na makarani wana ndugu. Jumamosi habari ilikuwa imeshapanda kilima chetu cha Mpumudde. Mmoja wa wale tisa, kijana wa mashine za kukata, alikwenda dukani jioni hiyo kuchukua sukari kwa daftari kama alivyozoea. Alinisimulia mwenyewe baadaye. Mwenye duka alishika kalamu, akaitazama, akairudisha nyuma ya sikio.

"Nitalipa mwisho wa mwezi," kijana akasema.

"Mwisho wa mwezi upi, ssebo?"

Kijana alidhani anataniwa. Mke wa mwenye duka akamvuta mumewe kanzu. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba hana kazi: kwa kunyimwa kilo moja ya sukari, saa thelathini na sita kabla mwajiri wake hajafungua kinywa. Hata hivyo Jumatatu aliamka akaenda, maana labda ni uvumi. Aliweka kidole kwenye mashine. Mashine ikawasha taa nyekundu.

Bahasha zilitolewa na meneja wa utumishi kwenye kibanda cha askari, mmoja mmoja, dakika tano kila mtu. Mkurugenzi alikuwa ndani siku ile. Gari lake lilikuwa limeegeshwa kivulini, na pazia la ofisi ya juu lilikuwa wazi nusu. Hakushuka.

Duru ya pili ilikuwa Juni 7. Usiku wa kuamkia siku hiyo, Jumapili, Rais alitangaza kwenye televisheni kwamba shule zinafungwa tena kesho yake, na kwamba kuanzia Juni 10 hakuna kusafiri kutoka wilaya moja kwenda nyingine. Orodha ilikuwa tayari tangu wiki iliyotangulia. Nilimpigia simu meneja usiku uleule nikamwomba tuahirishe walau mpaka njia zifunguliwe, kwa sababu watu hawa wakipoteza kazi watataka kurudi vijijini ambako muhogo hauulizi kodi ya nyumba, na sasa watakuwa na siku tatu tu za kufunga mizigo. Akaniambia tarehe imepangwa juu.

Fundi wa boila alikuwa katika tisa hao. Ngoja nieleze bahasha yake, maana hii ni kazi niliyoifanya kwa mikono yangu na sijawahi kuieleza. Aliajiriwa 2007, kwa hiyo alikuwa na miaka kumi na minne. Sheria inasema aliyetimiza miaka kumi apewe notisi ya miezi mitatu. Kampuni ilichagua kumlipa fedha badala ya kumwacha aifanyie kazi. Mshahara wake ulikuwa shilingi 420,000. Mara tatu, 1,260,000. Alikuwa na siku kumi na sita za likizo ambazo hakuwahi kwenda, kwa sababu boila haiendi likizo: 258,000 na kidogo. Kiinua mgongo hakikuwepo. Mahakama ya Viwanda imekuwa ikikitumia kipimo cha mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa utumishi katika kesi zinazoifikia, lakini sheria yenyewe haikutaja kiwango, imeliacha jambo kwenye mazungumzo. Na mazungumzo yanahitaji watu wawili waliokaa.

Jumla milioni moja na nusu na ushei. Kisha kodi. Jedwali la kodi ya mshahara la wakati huo halikumgusa aliyepata chini ya 235,000 kwa mwezi, na lilifika asilimia 30 kwa kilichozidi 410,000. Fundi alikuwa akiligusa kwa ncha ya kidole miaka yote. Mwezi wake wa mwisho alionekana humo kama bwana mkubwa. Kisha benki: salio la mkopo wa mabati, 870,000, lililokatwa lote kwa mkupuo kama mkataba ulivyosema. Kisha mchango wa mwisho wa munno mukabi, chama cha kuzikana, ambao niliukata kwa mazoea kabla sijakumbuka kwamba fundi hayumo tena katika chama hicho. Nilirudi nikaufuta. Kilichobaki hakikufika laki nne.

Alikuja dirishani kwangu na slipu mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kodi. Hakuuliza kodi.

"Karani, mdogo wangu," alisema, "mkubwa yuko?"

"Yuko, Fundi."

"Anajua jina langu?"

Nilisema anajua. Nilidanganya, kwenye orodha niliyoipeleka kwake kusainiwa hayakuwemo majina, yalikuwemo namba za wafanyakazi na kiasi. Ndivyo alivyotaka ziletwe. Fundi alisimama kidogo, akatazama ngazi za chuma zinazopanda ofisi ya juu, akatabasamu kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu ambacho hakukusudia kununua. "Mwambie valvu ya pili inavuja," akasema. "Asiache kijana aifungue ikiwa moto."

Baada ya duru hiyo ya pili watu walianza kuhesabu. Hapo ndipo wakubwa walipojidanganya. Walidhani kutoa watu kidogokidogo ni kupunguza maumivu, au angalau kelele. Kelele kweli hazikuwepo. Lakini kiwanda chenye watu mia mbili kikijua kwamba kila baada ya miezi mitatu tisa wanaondoka, na hakijui ni tisa gani, basi wote mia mbili wamepata barua. Isipokuwa hawajalipwa notisi.

Niliyaona mambo hayo kwanza kwenye karatasi. Mwezi wa tatu ukikaribia, maombi ya advansi yaliongezeka, kila mtu akitaka kuivuta kampuni imdai ili isimwache. Hati za daktari zikatoweka. Watu walikuja kazini na malaria, wakatetemeka mbele ya mashine. Akiba za SACCO zikatolewa. Halafu nikaanza kuyaona kwenye sakafu. Wenye ujuzi waliacha kuwafundisha vijana. Mama mmoja aliyekuwa peke yake anayejua kuseti mashine moja ya zamani alianza kuiseti huku amegeuza mgongo, amekinga mikono kwa aproni, kama mtu anayehesabu fedha sokoni. Mafundi walikwenda nyumbani na spana zao. Kila mmoja alijitengenezea kitu ambacho bila yeye hakiendi. Na kwa kuwa kila kitu sasa kilikuwa hakiendi bila mtu fulani, na mtu huyo fulani siku moja alikuwa na zamu nyingine, uzalishaji ulishuka. Katika kikao cha Agosti kushuka huko kulitolewa kama sababu ya duru ya tatu. Nilikuwa naandika kumbukumbu. Niliandika.

Mwezi huohuo wasimamizi na sisi wa ofisini tulipelekwa hotelini kwa siku nzima, kando ya mto. Aliletwa mhamasishaji kutoka Kampala. Alitugawia maputo, akatuambia tuandike juu yake kile tunachokiogopa, tuyapulize, kisha tuyapasue pamoja. Msimamizi wa zamu ya usiku aliandika "Desemba". Puto lake lilikataa kupasuka, akalikalia. Tulicheka mpaka mhamasishaji akadhani amefaulu. Ankara ya siku ile ilipita kwangu kabla ya kwenda kwa mhasibu, na kwa tabia yangu mbaya nililinganisha: ilizidi fedha zote za notisi za tisa wa Machi.

Neno lililotuchosha kuliko yote lilikuwa "juu". Ukimuuliza msimamizi, jambo limetoka juu kwa meneja. Ukimuuliza meneja, limetoka juu kwa mkurugenzi. Mkurugenzi alipobanwa na mwakilishi wa wafanyakazi kwenye ngazi, siku moja tu ambayo tulifanikiwa kumkuta ngazini, alisema yeye naye ni mwajiriwa kama sisi. Uamuzi umetoka kwa wenye hisa, Nairobi, na wa Nairobi wana wakubwa wao. Inawezekana ni kweli. Siwezi kusema alikuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu mwenye haya, anayeogopa nyuso. Nimeshamwelewa, na kumwelewa hakujanipunguzia chochote. Mshahara wake, ambao pia niliuandaa mimi, ulikuwa na kifungu cha posho ya madaraka. Nilijiuliza mara nyingi madaraka hayo ni yapi ikiwa kushuka ngazi kumi na nne na kusema "nimeamua mimi" hakumo.

Katika kikao cha Desemba ndipo aliposema kile ambacho bado kinasemwa kwa dhihaka kwenye steji za bodaboda za mtaani kwetu. Alisema tukumbuke kwamba kampuni imekuwa ikilipa juu sana ya kima cha chini cha mshahara kilichowekwa kisheria. Alikuwa sahihi. Kima hicho nchini Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Kiliwekwa mwaka 1984 na hakijabadilishwa. Miezi michache baada ya kikao kile, mwaka 2022, bei ya lita moja ya petroli ilikipita kima hicho.

Mtu wa nje anaweza kuuliza kama Jinja haijazoea. Imezoea. Mji huu umepumzisha watu tangu kabla sijazaliwa: mwaka 1972 Waasia waliopewa siku tisini na Amin waliacha hapa viwanda na maduka, na miaka iliyofuata ikavifunga vingi, mwaka 1993 ikaja sheria ya kubinafsisha mashirika ya umma, mwaka 2001 Bodi ya Umeme ikakatwa vipande vitatu. Wazee waliopitia hayo wamekaa kwenye mabaraza ya Main Street, na kila mmoja bado anajitambulisha kwa jina la mwajiri aliyemwacha. Lakini tazama hapo bwawani, mwendo mfupi kutoka kwangu. Kampuni ya Eskom ilipokabidhiwa kuendesha mitambo ya umeme ya Nalubaale na Kiira mwaka 2003, ilikabidhiwa kwa miaka ishirini, na ikaondoka Machi 31, 2023 kama ilivyoandikwa. Kampuni iitwayo Umeme nayo, iliyokuwa ikiusambaza, ilianza Machi 2005 ikamaliza Machi 31, 2025. Sisemi wafanyakazi wa huko walilala usingizi. Mabadiliko ya mwajiri ni mabadiliko. Nasema tu kwamba mtu wa huko aliweza kuitazama kalenda, akaona tarehe, akajua mtoto atakuwa darasa la ngapi. Sisi hatukutaka zaidi ya hapo. Watu wetu wangetukana siku mbili, wangelia, kisha wangepanga.

Mwakilishi wetu alikwenda kwa afisa mmoja wa kazi baada ya duru ya tatu. Nilimpa tarehe kwenye kipande cha karatasi, kwa siri, nikamwomba asiseme zimetoka wapi. Afisa alimpokea vizuri, akampa kiti, akahesabu kwa vidole kutoka Machi 1 mpaka Juni 7. Miezi mitatu na siku sita. Akahesabu kutoka Juni mpaka Septemba. Miezi mitatu na siku sita. Akairudisha karatasi.

"Aliyepanga hizi anajua kusoma," alisema.

Aliyepanga, kwa upande wa kalenda, nilikuwa mimi. Meneja alikuwa ameniambia, "Hakikisha miezi mitatu imepita," nami kwa uangalifu wa kikarani nikaongeza siku sita ili tusikosee. Mwakilishi hakuniambia kitu aliponirudishia ile karatasi. Alinisalimia kama kawaida, na salamu ile ndiyo iliyonikaa rohoni.

Kwa hiyo orodha ya Desemba ilipofika, niliichapa yote tisa, nikashuka mstari mmoja, nikaandika namba yangu. Na kiasi nikaandika: miezi miwili, kwa kuwa nilikuwa na miaka saba. Nikaipeleka juu. Sikuwa shujaa, nilikuwa nimechoka, na nilitaka kuona mtu mmoja katika jengo lile akilazimika kuandika barua.

Iliteremka baada ya saa moja. Mstari wa kumi ulikuwa umekatwa kwa wino mwekundu, kwa rula. Meneja wa utumishi alikuja nayo mwenyewe, akafunga mlango.

"Wewe tunakuhitaji," alisema. Halafu kwa sauti ya chini kidogo, "Na usithubutu kuacha kazi wiki hii. Ila hata ukiacha, ujue anayeacha mwenyewe hahesabiwi."

Nilijua. Niliisoma sheria ileile. Tisa walitoka Jumatatu, Desemba 20. Mimi niliacha mwezi wa nne uliofuata, nikafanyiwa hafla ndogo ya soda na keki, na mkurugenzi akashuka ngazi kunipa mkono. Alikosea jina langu kwa herufi moja.

Sasa natunza vitabu vya maduka mawili na SACCO ya bodaboda hapa Mpumudde. Machi 2024 Fundi alikuja barazani kwangu na bahasha ya kaki, ile ya serikali. Alikuwa amefika mpaka Tororo kutafuta boila nyingine, hakupata. Alikuwa akitengeneza majiko ya mkaa. Ile asilimia 20 ya akiba ambayo NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, iliruhusiwa kuwapa wenye umri wa miaka arobaini na mitano au zaidi waliochangia miaka kumi aliichukua mwaka 2022, ikaingia kwenye karo baada ya shule kufunguliwa. Iliyobaki angeipata akitimiza hamsini, akiwa amekaa mwaka mmoja bila kazi ya kuajiriwa. Huo mwaka mmoja alikuwa nao. Alikuwa nayo karibu mitatu. Alitaka nimpigie hesabu ya umri, kwa sababu kitambulisho na cheti cha ubatizo vinatofautiana.

Nilivaa miwani. Nikaandika tarehe ya kuzaliwa ya kitambulisho, nikahesabu miezi, nikaihakiki kwa kurudi nyuma kama nilivyozoea. "Bado miezi saba, Fundi. Oktoba."

Alichukua karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisoma polepole mstari kwa mstari mpaka chini.

"Safari hii," alisema, "umenihesabu vizuri?"

Nikaichukua tena nikaanza upya.